Siku Tuliwekea Mashine Mikono

Butembo, Komine ya Mususa
Tarehe 16 novemba 2025

Mupendwa mutoto wangu Ariel,

Wavukire, kama barua hii inakukuta asubui. Kama ni mangaribi, vua kwanza ile makoti minene ya kwenu kule, kaa chini, kiisha usome polepole. Ni miye shangazi yako Mariette, mwenye alikubeba ku mugongo ukamukojolea nguo ya harusi. Ile nguo nilikuwa nimeazima kwa mutu, sijasahau.

Habari ya afya? Kifua kinaendelea je na baridi ya Montréal? Unakula bugali, ao ungali na ile mikate yao ya hewa? Mama yako anasema ulikuwa umekonda ku picha ya mwisho. Nilimwambia kama ni picha ndiyo mubaya, mais kusema kweli nami niliona.

Sisi huku tunapumua, Mungu asifiwe. Mvula inanyesha kila mangaribi, matope imejaa mpaka ku mulango ya kanisa. Mama yako Jemima iko muzima, magoti tu ndiyo inamusumbua akipanda kilima ya Vuhovi, na hakubali kuacha lile shamba. Maharagi ilikubali mwaka huu. Nilimwambia apumuzike, akanijibu kama atapumuzika siku maharagi itajivuna yenyewe. Unamujua.

Mu nyumba tuko na bageni. Ni jamaa moja ya Kanyabayonga, baba na mama na batoto babo, bale balikimbia vita na magodoro ku kichwa. Tulibapatia chumba yako. Hapana kasirika, vitu yako tulifunga mu sanduku ya malle, tukaweka juu ya kabati. Yule mama anapika sombe muzuri kuliko mama yako, mais hapana mwambia kama nimeandika hivyo.

Baba yako anakula, analala, anaenda ku kanisa. Nitarudi kwake, ju ni kwa ajili yake nimeshika bic niandike.

Utajiuliza juu ya nini shangazi anaandika barua ya karatasi sawa mutu wa zamani. Ni weye mwenyewe ulinifundisha. Nikituma ujumbe ku WhatsApp, ninaona zile alama mbili zinageuka bluu, donc umesoma. Nangojea. Hakuna kitu. Nikitumia sauti, hivyo hivyo. Ata picha ya mbuzi yenye ilizaa mapacha haukujibu, na weye unapenda mbuzi! Basi nikasema: karatasi haina alama ya bluu, mutu hajui kama umesoma ao hapana, pengine hiyo itakupa nguvu ya kusoma mpaka mwisho. Mama Adèle, yule jirani mwenye congélateur, ile friji ya barafu, anaenda kuona binti yake huko kwenu. Ni yeye atakupa mu mukono.

Ariel, ile siku ya mwezi wa sita ulisikia kwa simu, kelele na kilio, kila mutu anasema lake. Najua hakuna mutu alikuelezea mambo yote kwa mupango. Nitakuelezea, ata kama unajua kipande. Miye siko fundi, lakini atelier ya baba yako iko mu lupango yetu, uwanja wetu sote, ninaona kila kitu nikiwa napepeta muchele, na Luc mutoto wangu alinielezea yenye sikujua.

Ile fraiseuse ya baba yako uliikuta mu maisha sawa vile ulikuta ndugu mukubwa. Mashine kidogo ya kuchonga chuma, inakaa juu ya meza, kisu chake kinazunguka juu, na chini meza yake ndogo inatembea kwa nguvu ya mukono. Manivelle, ile mushikio wa kuzungusha, moja ya kushoto na kuume, moja ya mbele na nyuma, moja ya juu na chini. Kaka yangu Josaphat alizungusha zile manivelle mpaka bega likaanza kulia kuliko mashine. Weye ulipopata kazi mu usine kule, ukaona mashine zenye kujiendesha kwa ordinateur, kompyuta, ukasema: baba naye anapashwa kupumuzika bega. Hilo lilikuwa wazo la mutoto muzuri. Nilisema wakati ule, na ninasema tena leo, ata kisha yote.

Kiisha mizigo yenye ulituma ikafika kwa mukono wa bafanya biashara: moteurs nene sawa ngumi, vis mpya, skrubu ndefu, zenye bipira bidogo bya chuma ndani, carte ya umeme, macâble ya rangi zote. Luc alifungua ile makartoni sawa mutu anafungua mahari. Jioni munazungumuza ku video, weye na yeye, masaa na masaa. Nilikuwa nabasikia: relais, driver, axe, zéro. Nilifikiri munanena kwa luga.

Vibamba vya kushikilia moteurs hatukuvipata mu Butembo muzima. Baba yako akasema: acheni, mashine itajitengenezea. Akayeyusha pistons za kale za magari, akamwaga aluminium mu muchanga, akaifunga ku fraiseuse yake, akaanza kuzungusha manivelle. Ilikuwa mara ya mwisho. Alichonga vile vibamba na akaimba wimbo moja tu wa kanisa tangu asubui mpaka tukachoka nao. Nilimwambia: Josaphat, uko na furaha sawa bibi harusi. Akacheka. Kisha akatoa manivelle zote tatu, akazipanguza na mafuta, akazipachika ku musumari.

Siku ya kujaribu, Luc alifunga bic pale pa kisu na karatasi ku meza. Ile mashine ikatembea yenyewe, mutu haigusi, ikachora duara. Ariel, nilishika kinywa. Kiisha ikaandika JEMIMA, na mama yako akasema kama mashine inaandika muzuri kuliko bwana yake. Tulicheka siku ile! Nikikumbuka vile tulicheka, roho inaniuma, ju hatujacheka hivyo tena mu lupango.

Na kazi ilikuwa inakuja. Mama Anne-Marie wa Beni, yule mwenye kupika sabuni ya mawese, alitaka moule mpya ya kukandamizia sabuni, na jina lake na ua katikati, ili sabuni yake ijulikane ku soko. Kwa mukono, moule sawa ile baba yako alikuwa anaichukia, anatumia juma nzima na bado ua linafanana na buibui. Luc alisema na ordinateur itaisha mu siku moja. Yeye na Kavugho, muchumba wake, balikuwa banaanza kuhesabu: kazi ikianza muzuri, harusi mbele ya Noeli.

Sasa, unajua desturi yetu. Kwetu hakuna kitu mupya inaanza kazi bila maombi. Moto ya pikipiki, moulin ya unga, nyumba, ata ile congélateur ya Mama Adèle iliwekewa mikono. Mama yako akasema mashine haiwezi kuchonga moule ya kwanza bila Pasta Lévi. Tukapanga siku ya posho, jumamosi. Bajirani bakakuya, Mama Anne-Marie akatoka Beni na gauni mupya, nami nilikuwa nimepika mbuzi.

Luc alitaka kuonyesha kwanza. Akaanzisha. Meza ikatembea, kisu kikazunguka, chuma kikatoa unyoya mwembamba wa kungaa, batu bakasema eee! Baba yako alisimama pale, mikono nyuma, sawa mutu mwenye mutoto wake anapata diplôme.

Kiisha courant ya umeme ikakatika.

Hakuna mutu alishangaa, ni Butembo. Bakacheka: bamekata tena! Mashine ikanyamaza. Ordinateur peke yake ilibaki inawaka, ju iko na batri. Na Pasta Lévi, muzee muzuri, hapendi kupoteza saa, akasema: «Bon, kelele imeisha, Mungu ametupatia utulivu. Tumukaribie. Tuombe.»

Luc alikuwa anaanza kuenda ku ordinateur. Niliona kwa macho yangu. Hatua moja, pengine mbili. Kiisha akasikia «tuombe», akasimama, akainamisha kichwa. Kwetu mutu hatembei wakati wa maombi, tulibafundisha hivyo tangu mukiwa bidogo. Nani alikuwa anabafinya sikio mukigeuka mu maombi? Ni miye.

Basi tukaweka mikono. Mimi ku mukebe wa umeme, Jemima ku nguzo, bajirani ku mabega ya benye walikuwa mbele. Baba yako kama mwenye mashine aliweka mukono wa kuume pale katikati, juu ya meza ndogo, chini ya kisu, pale kazi inafanyikia. Tukafunga macho. Pasta akaomba kwa moto, unamujua, akianza na Abrahamu hawezi kuacha mbele ya Paulo.

Ile ordinateur, Ariel, haikujua kama courant imeenda. Luc alinielezea kisha, akiwa analia. Ilikuwa inaendelea na hesabu zake, inaamuru mashine: tembea, zunguka, tembea. Na mashine ilikuwa imekufa, haisikii. Courant iliporudi, ikasikia.

Kwanza nilisikia redio ya jirani inaanza kuimba. Kiisha sauti ya moteur. Kiisha baba yako alipiga kelele: «Yesu! Yesu wangu!» Na sisi sote, macho imefungwa, tukajibu: «Amina!»

Tulijibu amina, mutoto wangu. Nimezaa, nimezika, nimekimbia vita mara mbili, mais hakuna kitu inanirudilia mu kichwa sawa ile amina. Nikiwa ku kanisa na batu bakiitikia, miye ninanyamaza. Najuta juu ya neno lenye si zambi, na sijui naungama nini.

Luc ndiye alifungua macho wa kwanza. Alivuta câble yote pamoja na kipande ya ukuta. Tulimupeleka baba yako ku hospitali juu ya pikipiki, ameketi katikati, mukono umefungwa na kitenge yangu. Docteur alifanya yenye aliweza. Kidole cha shahada na kile cha katikati, mukono wa kuume, hakuviokoa.

Ndivyo ilikuwa. Sasa unajua kila kitu yenye nami najua.

Kuna ile bouton ya zamani, najua ndiyo inakukula roho. Ile kifungulio ya kale ya mashine, bouton ya kijani na nyekundu. Courant ikikatika, ya kijani ilikuwa inaruka yenyewe, tak! Ata courant irudi, mashine inalala mpaka mutu aibonyeze tena. Ku dessin yako, ile muchoro wa waya ulimutumia Luc, uliandika kama itolewe, ju ordinateur ndiyo itawasha na kuzima. Ulichora ile dessin huko kwenye courant haikatikake, mutoto wangu. Mutu anasahau. Na Luc anaishi huku kwenye inakatika kila siku, naye aliitoa, akasema ataipatia nafasi yake kisha. Mama yako anasema kosa ni yake ju ni yeye aliomba maombi. Pasta Lévi alifunga siku tatu bila kula. Kila mutu mu lupango hii iko na kipande yake ya kosa, anaishika kwa mikono mbili, hataki kugawanya na mwenzake.

Mutu moja tu haikamati kitu, ni baba yako. Siku ile ile ya kutoka hospitali, bajirani balikuya kulia, yeye akababembeleza! Akasema: «Kidole moja haiui chawa, mais miye ningali na nane, chawa zijichunge.» Batu bakacheka na machozi. Alikutafuta ku simu ile jioni, unakumbuka? Weye ulisema neno moja tu: «Baba, ni miye nilikukata.» Ukalia, ukakata simu. Tangu pale, kimya.

Na Luc naye. Alifunika mashine na bâche, akaosha damu peke yake, hakukubali nimusaidie. Asubui yake akapanda moto, akaenda Beni. Unajua ile barabara, unajua miye mama nilikaa je. Iko kule mupaka leo, anatengeneza mapikipiki ya batu kando ya soko, analala mu chumba na bafundi wengine. Nikimupigia simu, hashiki. Ananitumia bidon ya mawese kwa mikono ya bachauffeurs, bila neno. Niko na mawese ya kuoga! Sihitaji mawese, ninahitaji mutoto.

Mwezi uliopita niliamua, nikaenda Beni mwenyewe. Jemima alilia nisiende, nikaenda. Nilimukuta amelala chini ya moto, amekonda, ndevu sawa mwalimu wa zamani. Alipoona miguu yangu alijua ni miye mbele ya kuona uso. Akanipa kiti yake, akaninunulia soda. Nikamwambia: «Luc, mujomba wako anakutaka nyumbani.» Akasema: «Mama, nikiona ule mukono nitakufa.» Nikamwambia kama mukono si uso, hautamuangalia. Hakucheka.

Kiisha akaniuliza, sauti chini kabisa: «Na Ariel anasema nini?»

Nikasema Ariel hasemi kitu. Akatikisa kichwa, akarudi chini ya moto yake. Nilielewa pale pale mu njia ya kurudi, nikiwa nimekaa nyuma ya chauffeur na mvula inanipiga. Luc anafikiri umekasirika. Anafikiri ulituma vitu vya thamani vyenye ulifanyia kazi mu baridi, na yeye akavigeuza damu, na sasa hautaki kusikia jina lake. Na weye, nakujua, unafikiri Luc na mama yake banakuhesabia ile dessin. Kila mutu anangojea mwenzake amuhukumu. Wee! Munafaa kupigwa fimbo, babili, na umri wenu huo!

Acha nikasirike kidogo, ni haki yangu. Mashine ilimukata baba yako vidole mbili, na hiyo ilikuwa bahati mubaya. Nyinyi muko munamukata batoto babili, na hiyo munafanya macho wazi. Baba yako haulizi vidole. Batoto ndio anauliza kila siku.

Nikuelezee vile anaishi sasa. Asubui anafungua atelier, anatoa bâche, anachukua kitambaa na mukono wa kushoto, anapanguza mashine na mafuta isipate kutu. Kiisha anakaa. Batu ba kazi banakuya, anabasalimia, anabaambia: ngojeni kidogo. Bengine bamechoka, bameenda kwa bafundi bengine. Mama Anne-Marie angali anangojea moule yake, ni mutu wa roho muzuri yule, mais sabuni haingojei. Kavugho naye anapita kila jumatano, anasema anataka kuazima kinu, na kwao kuna vinu vinane.

Fundi moja wa mujini alikuya kumwambia: «Muzee, tutoe hii mamoteur, turudishe manivelle zako, ziko ku musumari pale. Mukono wa kushoto utazoea.» Nami nilifikiri ni shauri muzuri. Baba yako akakataa. Nilimuuliza mbona, nikamufokea hata, nikamwambia kama kiburi haijazi chungu. Akaniambia: «Mariette, nikirudisha manivelle, bale batoto batasikia kama nimebahukumu. Acha ikae vile balitengeneza.»

Ariel, niliingia mu jikoni nikaweka kichwa ku ukuta. Anakaa bila kazi, ile mutu hakujua kukaa, anakaa tu ili nyinyi musifikiri kama amebatupa.

Na kuna jambo lingine. Juma mbili zimepita, nilimukuta na lime ya kusugua chuma mu mukono wa kushoto, anakwangua ile mukebe wa umeme. Nilifikiri amerukwa akili. Kumbe anatoboa nafasi ya ile bouton ya zamani! Aliitafuta mu vyuma, akaisafisha, akapima tundu yake, akaisugua mpaka ikaingia sawasawa. Tundu si muzuri, imekwenda upande, ni kazi ya mukono wenye unajifunza. Bouton imekaa pale, kijani na nyekundu, mais nyuma hakuna waya. Hajui waya gani inaenda wapi. Yule fundi wa mujini alisema anaweza kujaribu, baba yako akamwambia aksanti, hapana. Anasema waya za mule ndani ziko na benyewe babili: moja Beni, moja Kanada.

Basi hii ndiyo yenye ninakuomba, na sitakuomba kitu ingine ata nguo. Tafuta Luc. Simu yangu hashiki, mais namba yako atashika, najua. Hapana anza kwa kulia. Anza kwa waya. Mwambie: ndugu yangu, ile bouton irudi, waya hii hapa na ile pale. Nyinyi bafundi munazungumuza muzuri juu ya waya kuliko juu ya roho, basi fanyeni hivyo, roho itafuata nyuma. Akiwa na dessin yako mupya mu simu, atakuwa na sababu ya kurudi nyumbani bila kusema kama anarudi kuomba musamaha. Mwanaume anapendaka sababu.

Majuto ni mujukuu, banasema, inakuyaka nyuma. Mais huyu mujukuu amezaliwa tayari, iko mu nyumba, tunamulea kila siku. Hakuna mwenye atamurudisha tumboni. Sisi tunataka tu tumulee pamoja, si kila mutu peke yake mu mji wake.

Mama yako anakusalimia sana, anasema uvae soksi mbili. Pasta Lévi anakusalimia, anakuombea kila juma, na siku hizi anaomba macho wazi, batoto ba kanisa banamucheka. Kavugho anakusalimia. Jamaa ya Kanyabayonga banakusalimia ata kama hawakujui, ju banalala mu kitanda yako, banaona ni haki. Salimia nasi bale barafiki bako, na kama kuna binti fulani, salimia naye, nitajifanya sijui kitu.

Mungu Nyamuhanga akufunike huko kwenye baridi, akupatie usingizi, na atoe ile jiwe ku kifua chako, ju hatukuiweka sisi. Wasingya, aksanti kwa yote yenye ulitutumia, ata ile. Nasema ata ile mashine.

Neno moja limebaki, nililiacha nyuma ju ni nguvu kuandika.

Kila jumapili mangaribi, kisha kula, baba yako anachukua simu yenye ameshinda anachaji, anaiweka juu ya meza mbele yake, anakaa. Kwenu inakuwa ingali muchana, anajua, alihesabu. Anangojea. Kiisha ananiuliza: «Ariel hakupiga?» Nami namujibu kama huko Kanada réseau imeharibika, theluji imeangusha ma-antenne. Nilianza kumudanganya hivyo tangu mwezi wa saba, na hakuna theluji mwezi wa saba, niliambiwa kisha na Mama Adèle. Hakunibishia ata siku moja.

Jumapili iliyopita alizima simu mwenyewe, akaniangalia, akasema polepole: «Mariette, ukimuandikia, mwambie kama mukono hauniumi tena. Pengine réseau itarudi.»

Ni uongo, Ariel. Mvula ikinyesha unamuuma mpaka anatoka kitandani. Mais alinituma nikuambie hivyo, basi nimekuambia.

Ni miye shangazi yako mwenye kukupenda,

Mariette